Kuisoma Karatasi ya Ini la Paka



Nyumba zetu nyingi hapa Uingereza zina paka, naye akiugua, daktari wa wanyama hutukabidhi karatasi ya kipimo cha damu iliyojaa herufi na tarakimu. Wengi wetu hutazama jambo moja tu: imepanda au haikupanda. Hiyo haitoshi.

ALT ni kimeng'enya kinachokaa ndani ya seli za ini. Zikiumia, huvuja kuingia katika damu. Chatuambia kuwa seli zinaumia, hakituambii kama ini lingali linafanya kazi. Ini lililokwisha kujaa makovu laweza kutoa ALT ya kawaida, kwa kuwa seli za kuvuja zimebaki chache. Kazi ya ini hutazamwa kwa albumini, bilirubini, na hasa asidi za nyongo, zinazopimwa kabla na baada ya mlo. Paka mzee naye, tezi yake ya shingo ikizidisha kazi, hupandisha ALT pasipo ini kuwa chanzo cha maradhi.

ALP ndiyo iliyotushughulisha sisi. Paka wetu, jike mnene wa miaka 9, alikataa chakula siku tatu, na ALP yake ikawa mara mbili ya kiwango cha juu. Jirani alitutuliza kuwa ya mbwa wake ilifika mara tano, na mbwa yu hai. Lakini mbwa si paka. Katika damu ya mbwa, nusu ya ALP hutoweka kwa siku 3 hivi; katika damu ya paka, kwa saa 6 hivi. Tena dawa za kotikosteroidi humpandishia mbwa ALP, na paka hazimfanyi hivyo. Kwa paka, basi, kupanda kidogo ni habari nzito.

GGT yake ilikuwa ya kawaida, na hapo daktari akashuku mafuta: paka mnene akikosa kula, mafuta ya mwili hukimbilia ini na kulisonga. Tiba kubwa ni chakula chenyewe. Alitiwa mpira shingoni, nasi tukamlisha kwa bomba la sindano wiki sita, hata usiku, mpaka akala mwenyewe.

Wanaosafiri likizo hii na kumwachia jirani paka mnene, wamwachie na nambari ya daktari. Akipitisha siku moja bila kula, apigiwe simu. Asingojwe mpaka macho na ufizi vigeuke manjano.