Rulenge na Mjadala wa Shule Bora

Basi letu kutoka Mwanza lilipita Geita na Bwanga, likaingia Biharamulo mchana, vumbi la Julai likiwa limejaa madirishani. Matokeo ya kidato cha sita yalikuwa yametoka wiki ile ile, na abiria hawakuwa na habari nyingine. Kijana aliyeketi mbele yangu alikuwa amepata divisheni ya pili katika PCB (fizikia, kemia na biolojia), na kila aliyesikia alikuwa na chuo cha kumpangia.

"Mwanangu, jaza Muhimbili kwanza," alisema mama mmoja.

"Udaktari Muhimbili kwa divisheni ya pili? Hapati huyo, Mama," akadakia kondakta. "Aombe Dodoma."

Mzee wa siti ya nyuma akakata shauri: chuo ni Mlimani, vingine vyote vimekuja baadaye.

Ngazi hiyo ya vyuo naijua tangu utotoni Dar es Salaam. Juu wanakiweka Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa kuwa ndicho cha kwanza nchini. Kilianza mwaka 1961 katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba, kabla hakijahamia kilimani. Muhimbili kwa udaktari, Sokoine kwa kilimo, Mzumbe kwa utawala. Chini yake Dodoma, kilichoanzishwa mwaka 2007, kisha vya binafsi, na mwisho kabisa vyuo vya kati. Ndani ya basi hakuna aliyeuliza nani kaipanga hivyo. Kijana mwenyewe alikuwa kimya, ameinamia simu yake, anafungua na kufunga ukurasa wa matokeo.

Lusahunga tulikuta malori ya kwenda Rwanda na Burundi yamepanga foleni. Nyakahura nikashuka, nikapanda gari dogo, tukaacha lami. Nilikuwa sijawahi kufika Bushubi, eneo la Rulenge. Vilima vinafuatana, migomba na maharage vimepanda hadi mgongoni mwa kilima, na mji wa Rulenge unakuja taratibu: maduka, bodaboda, kisha misheni ya Wakatoliki.

Mwenyeji wangu ni mwalimu mstaafu wa sekondari ya kata. Baada ya shikamoo na chakula nikamsimulia mabishano ya kwenye basi. Akasema kwao mjadala huanza mapema zaidi, mtoto akiwa darasa la saba. Akanitajia ngazi ya huko: shule za vipaji maalumu kama Ilboru, Kibaha na Kilakala, seminari za Rubya na Katoke, na shule binafsi za Bukoba kama Kaizirege na Kemebos, ambazo zilizoea kuonekana kwenye orodha ya shule kumi bora kitaifa. Shule ya kata haimo. Huko mtoto huenda akikosa kwingine.

Nikamkumbusha kwamba kumi bora haipo tena. Januari 2023, akitangaza matokeo ya kidato cha nne, aliyekuwa Kaimu Katibu Mtendaji wa Baraza la Mitihani (NECTA), Athumani Amasi, alisema baraza limeacha kutaja shule na wanafunzi bora, kwa kuwa orodha hiyo ilikuwa inazitangazia shule biashara. "Ni kweli," akanijibu Mwalimu, "lakini watu hawakuacha kupanga. Sasa wanapanga kwa mdomo."

Kisha akaingia ndani, akatoka na kaunta buku lililochakaa pembe. Kila ukurasa una majina upande wa kushoto, na mbele yake safu mbili kwa wino wa bluu: alama aliyokuja nayo mtoto kutoka darasa la saba, na divisheni aliyotoka nayo kidato cha nne. Kidole chake kikasimama kwa msichana mmoja: aliingia na C, akatoka na divisheni ya pili. Chini yake mvulana aliyeingia na C, mbele yake pametiwa mstari tu. Aliacha shule kidato cha pili.

"Shule ya vipaji imepokea mwenye A, imetoa divisheni wani," alisema Mwalimu. "Imefundisha? Pengine sana. Ila matokeo peke yake hayawezi kukuonyesha."

Naafikiana naye kabisa. Orodha zetu nyingi zinapima mchujo kuliko ufundishaji. Zimekuwapo shule binafsi zilizomwondoa mtoto asiyefikia wastani wao kabla ya mtihani wa taifa, jambo ambalo serikali imelikataza, na sifa ikabaki kwa shule. Duniani nako ni hivyo hivyo: orodha ya Shanghai, iliyoanza mwaka 2003, huhesabu washindi wa Nobel na makala za utafiti. Muuguzi aliyesoma chuo cha kati akarudi kuhudumia Rulenge hamo katika hesabu hiyo.

Simlaumu yule mama wa kwenye basi. Maabara na walimu wa sayansi havijagawiwa sawa, na jina la chuo humsaidia kijana anapoomba kazi. Lakini asubuhi nilipopita misheni nilimkumbuka Askofu Christopher Mwoleka, aliyeliongoza Jimbo la Rulenge tangu 1969 hadi 1996 na kwenda kuishi na wanakijiji katika kijiji cha ujamaa cha Nyabihanga. Usomi wake aliupeleka kwa wakulima. Hicho ndicho kipimo cha elimu ninachokiamini.

NECTA inatunga mtihani wa darasa la saba na wa kidato cha nne, kwa hiyo inayo yale aliyonayo Mwalimu kwenye daftari lake. Iyaunganishe, iwaambie wananchi kila shule imempandisha mtoto kwa kiasi gani. Nawe mzazi, ukisifiwa shule, uliza mambo mawili kabla hujalipa ada: inapokea watoto wa alama gani, na kati ya walioanza kidato cha kwanza, wangapi wamefika cha nne.