Chupa Yako Haijapotea, Iko Njiani Malindi

Wasee, ukitupa chupa ya soda kwa mtaro hapa Nairobi, inaenda wapi? Wengi mtasema Dandora. Si zote. Mvua ikinyesha, mtaro unamwaga Mto Nairobi, Mto Nairobi unaingia Athi, Athi mbele huko inaitwa Galana, halafu Sabaki, na Sabaki inaingia Bahari Hindi kaskazini kidogo ya Malindi. Chupa yako inaweza kufika pwani bila tiketi ya SGR.

Hiyo safari ndiyo nimekuwa nikitengeneza. Tangu niache chuo mwaka wa pili, karo ikiwa imeshinda nyumbani, kila mtu huniuliza nafanya nini na maisha. Jibu ni hili: video ya digrii 360. Unavaa miwani ya uhalisia pepe, unakuwa chupa. Unaanzia mtaroni, unakwama kwa matope, maji yanakusukuma, mwisho unaelea baharini. Dakika 6. Kamera ni ya kuazima, miwani pia.

Mbona nisipige picha tu? Juu picha za taka tumezizoea. Unaona kasa amemeza mfuko akidhani ni kiwavuwavu, unasema "aki woiye," unapitisha kidole, unaangalia meme. Ndani ya miwani hakuna pa kupitisha kidole. Ukigeuza kichwa, bado iko.

Halafu kuna kitu macho hayawezi kuona: wakati. Plastiki haiozi kama ganda la ndizi. Jua na mawimbi yanaivunja vipande vidogo, vidogo zaidi, hadi samaki anavimeza. Ufukweni huwezi kusimama miaka yote hiyo ukiangalia. Kwa miwani naipitisha kwa sekunde 40.

Sasa, pale Mambrui nilimvisha mzee mmoja mvuvi. Alitazama hadi mwisho, akaivua polepole, akaniambia, "Mwanangu, haya mimi nayaona kila siku bila miwani. Wapelekee wanaotupa."

Hapo ndipo msimamo wangu ulipo. Sanaa ya taka za bahari tumeiachia pwani, kana kwamba shida ilizaliwa huko. Flipflopi ilielewa hii kitu mapema. Lile jahazi la Lamu lilijengwa kwa takriban tani 10 za plastiki na kuvalishwa patipati kama 30,000, likazinduliwa 2018. Lakini halikukaa Lamu kupigwa picha. 2019 lilisafiri hadi Zanzibar, likisimama njiani kuongea na watu. Ujumbe ulifuata watu walipo.

Juzi hoteli moja ya ufukweni ilitaka kuninunulia video. Masharti: nibakishe samaki, matumbawe na muziki laini, nitoe mtaro na maji machafu, wageni wasikasirike. Pesa yenyewe ingelipa rent miezi miwili, na landlord wangu si mtu wa sanaa. Nilikataa. Ukitoa mtaro, bahari inabaki imechafuliwa na hakuna mtu. Inakuwa kama ajali isiyo na dereva.

Najua mtasema miwani yenyewe ni plastiki. Ni kweli, ndiyo maana naazima, sinunui. Mtasema pia serikali ifanye kazi yake. Pia kweli. Mifuko ilipigwa marufuku 2017 na tukazoea kubeba vikapu, so msiniambie Wakenya hawabadiliki. Lakini marufuku ya mifuko haikugusa chupa, na video haiokoti hata moja. Kazi yake ni kukunyima ile raha ya kusema "hiyo ni shida ya watu wa coast."

Kwa hivyo naileta stage za matatu, huku huku mjini. Ni bure. Ukivua miwani nitakuuliza swali moja tu: chupa yako ya mwisho uliiacha wapi?