Saa Zinazotangulia Kisu

Nilifika Nakivale, makazi ya wakimbizi nchini Uganda, mwanzoni mwa miaka ya 2000, kijana aliyekimbia vita vya Kivu, mashariki mwa Kongo. Makazi yale yalikuwa yamewapokea Wanyarwanda tangu miaka ya 1960. Sasa Wakongomani, Warundi na Wasomali nao walikuwamo. Kibarua changu cha kwanza kilikuwa machinjioni, chini ya mzee mmoja Msomali.

Ng'ombe wetu wengi walikuwa Ankole, wale wenye pembe ndefu. Wa wafugaji wa Isingiro walikuja kwa miguu, polepole. Wengine walitoka upande wa Mbarara, wamesongamana ndani ya lori, pembe zimefungwa kwenye vyuma, aliyeanguka anakanyagwa. Wakati wa kuwashusha, watu waliwachapa na kuwapinda mikia.

Mzee hakumchinja ng'ombe aliyetoka kushushwa. Alitaka kwanza apewe maji, akae kivulini mpaka pumzi itulie. Kisu alikinoa mbali, maana dini yake, Uislamu, inafundisha kutomnolea mnyama kisu machoni pake. Wala hakumchinja mmoja mbele ya mwenzake. "Usipige kelele, mwanangu," aliniambia. "Huyu hana kosa." Tulimlaza kwa kamba, akaelekezwa kibla. Mzee alitaja jina la Mungu, kisha koromeo, umio na mishipa mikubwa ya shingo vikakatwa mara moja. Ngozi haikuguswa mpaka mnyama akate roho.

Wateja walionung'unika kwa kungojeshwa walirudi kesho yake, kwa sababu nyama ya mzee ilikuwa nyekundu na haikuharibika upesi. Ya ng'ombe waliochinjwa wakiwa hoi ilikuwa nyeusi, kavu. Baadaye, mjini Mbarara, daktari wa mifugo alinieleza sababu: hofu na uchovu humaliza akiba ya sukari kwenye misuli, na sukari hiyo ndiyo hugeuka asidi baada ya kifo na kuikinga nyama isioze mapema.

Leo nikisikia watu wakibishana kama mnyama apoteze fahamu kwanza au achinjwe hivyo hivyo, naona mjadala huo una uzito. Lakini kisu ni muda mfupi. Lori, kiu na fimbo ni saa nyingi. Kuzipunguza kunahitaji maji, kivuli na mtu aliye tayari kungoja. Kama mzee mkimbizi aliweza Nakivale, mwenye malori na machinjio ya mjini hana udhuru.