Safari za Nyumbani Kwetu Tangu Korona

Watu wengi hapa Bariadi husema kwamba korona ilitupita bila kutugusa, kwa sababu serikali haikuwafungia watu majumbani kama ilivyofanywa Italia, au hata kwa jirani zetu wa Uganda. Ni kweli magulio yalikuwa wazi, mabasi yalikwenda Lamadi na Mwanza, na wakulima walivuna pamba yao. Lakini mimi sikubaliani nao. Nyumbani kwetu ugonjwa ule ulibadili safari zote, na nyingine hazijarudi mpaka leo.

Mgonjwa wa kwanza nchini, msafiri aliyetoka Ubelgiji kwa ndege, alitangazwa tarehe 16 Machi, 2020. Kesho yake Waziri Mkuu, Bwana Kassim Majaliwa, akatangaza kwamba shule zifungwe kwa siku 30. Nilikuwa darasa la sita. Tulishangilia kama watoto wafanyavyo. Kumbe tungekaa nyumbani hata tarehe 29 Juni.

Kabla ya hapo baba alikuwa akienda Mwanza mara mbili kila mwezi kununua vitenge na mashuka ya duka lake. Huondoka alfajiri, akalala huko usiku mmoja, akarudi na mzigo na samaki wa kukaanga. Mama alikwenda gulioni kila wiki, si kwa kununua tu, bali na kupata habari za watu. Sisi watoto kila likizo tulipelekwa Maswa kwa bibi mzaa baba, ambako kazi yetu ilikuwa kuchunga mbuzi, kukata viazi vya michembe, na kula.

Safari ya Mwanza ndiyo iliyokufa kwanza. Baba alimpigia simu mwenye duka la jumla, akamtumia pesa kwa simu hiyo hiyo, na robota likaletwa na basi mpaka stendi. Jioni akapiga hesabu ya nauli na chakula cha njiani katika daftari lake, akacheka peke yake. Hajarudia desturi ya zamani. Samaki nao wakakoma, jambo ambalo sisi hatukulipigia makofi.

Mama aliendelea na gulio, ila alikwenda mapema na kurudi kabla jua halijawa kali, barakoa ya kitenge usoni. Alinunua ndoo yenye koki, akaiweka mlangoni pamoja na sabuni. Hata mjomba hakupita bila kunawa.

Lakini jambo zito lilikuwa la mwezi wa Mei. Shangazi yetu alifariki huko Magu. Hakufa kwa korona; alikuwa na kisukari cha miaka mingi. Kwa desturi, msiba kama huo ungeondoa ukoo mzima: gari lingekodiwa, wanawake na masufuria yao, wanaume na magunia ya mahindi, na wote wangelala huko mpaka matanga yaishe. Kwetu Wasukuma kutokwenda kuzika ni neno la kusemwa miaka mingi. Basi wazee wakakutana uani kwetu, viti vimewekwa mbalimbali, wakabishana tangu saa mbili hata saa tano usiku. Mmoja alisema kwamba maradhi hayamzuii mama kumzika mwanawe. Baba akajibu kwamba bibi amepita miaka sabini, kifua chake ni kibovu, na akifika msibani watu mia watataka kumshika mikono, naye hatamkatalia hata mmoja.

Mwishowe walikwenda wanne tu, baba mmojawapo. Rambirambi za wengine zilipelekwa kwa simu. Bibi akabaki Maswa, na binti yake akazikwa yeye hayupo. Jamaa wawili hawakusema na baba hata mwaka ukaisha.

Mimi naona baba alifanya sawa, maana bibi yu hai. Hata hivyo, nilipokwenda kwake Desemba ile, nilinyoosha kiwiko kumsalimu, akanitazama akasema, “Bwana wangu, nyinyi sasa mnasalimiana kama mbuzi wapiganao.” Kisha akanishika mikono yote miwili, asiiachie upesi. Jioni akanionyesha kitenge alichokuwa amevaa siku ya mazishi, akiwa amekaa peke yake kizingitini. Hakumlaumu mtu. Aliuliza tu kaburi limeelekea wapi.

Shirika la Afya Duniani lilitangaza mwisho wa hali ya dharura tarehe 5 Mei, 2023. Ndoo ya mama sasa huwekwa maji ya kunywa. Hata hivyo, jamaa akifiwa siku hizi, kwetu huulizwa kwanza namba ya simu ya kutumia mchango, ndipo huulizwa nani atakwenda. Bibi hupokea zake kila mwezi, akashukuru, akauliza kama pesa hizo zitakuja kula naye.

Nikimaliza mtihani wa kidato cha nne nitakwenda Maswa kukaa naye mwezi mzima, na kabla ya Krismasi tutapanda basi pamoja mpaka Magu, akalione kaburi. Baba amekubali. Amesema atatuma nauli kwa simu.