Askofu wa c8

Shuleni kwetu kila aliyejifunza chesi alianza hivyo hivyo: Mweupe akisukuma e4, Mweusi anajibu e5. Mwalimu wa hisabati aliyetufundisha mchezo huu jioni, baada ya masomo, hakutaka kusikia jibu jingine. Alitaka tujue kwanza kupigania katikati ya ubao ana kwa ana. Nilimwamini, na hata leo naona alikuwa sahihi.

Ila wapinzani wetu walipenda sana ile njia ya Italia. Farasi wao anarukia g5, askofu yuko c4 tayari, na wote wawili wanaitazama f7, mahali ambapo hapana mlinzi mwingine ila mfalme mwenyewe. Nikaanza kutafuta jibu litakalomlazimu Mweupe ajenge kwanza kabla ya kushambulia. Sisilia, yaani kujibu kwa c5, niliipita tu. Nilivutiwa nayo, kama wengi waliosoma michezo ya bingwa Fischer, lakini tawi lile la Najdorf hudai vitabu, na sisi tulikuwa na kimoja kilichokwisha kupoteza kurasa.

Nikatua kwenye Ufaransa: e6, kisha d5. Jina hilo lilitokana na mchezo wa barua kati ya London na Paris ulioanza mwaka 1834, ambapo Paris walijibu hivyo. Niliipenda kwa moyo wote. Mweupe akisukuma e5 anajiona amekushinda nafasi, nawe unaanza kuula mnyororo wake kutoka chini, c5, farasi c6, malkia b6, mpaka askari wa d4 anakuwa mzigo. Huo ni mpango ambao hata mchezaji wa kawaida anaweza kuuelewa na kuutekeleza bila kukariri mengi.

Tatizo lilikuwa askofu wa c8. Askari wako mwenyewe wa e6 amemzibia njia, naye hukaa nyumbani kama mgeni aliyefungiwa chumbani huku karamu ikiendelea uani. Michezo mingi nilifika mwisho wake bila yeye kugusa chochote. Mpinzani alikuwa na kete moja zaidi yangu, ingawa kwa hesabu tulikuwa sawa.

Ndipo nikasoma habari za Botvinnik na Tal. Moscow, 1960, katika mchezo wa kwanza wa kugombea ubingwa wa dunia, Botvinnik alicheza Ufaransa na Tal akamshinda. Baada ya hapo Botvinnik akahamia Caro-Kann. Taji lilimtoka mwaka ule, lakini 1961 waliporudiana, Botvinnik akiwa na miaka 49 na Tal 24, aliendelea na Caro-Kann na akalirudisha kwa 13 kwa 8. Bingwa wa kiwango kile aliona haya gani kubadili jibu lake? Hakuona haya yoyote. Jambo hilo lilinigusa kuliko ushindi wenyewe.

Caro-Kann huanza na c6. Askari wa d5 anapata mhimili uleule aliokuwa akipewa na e6, lakini njia ya askofu inabaki wazi. Anatoka f5 kwanza, ndipo unafunga mlango kwa e6. Si bure. Farasi amenyimwa c6, na siku ukitaka kusukuma c5 utakuwa umetumia hatua mbili kwa kazi ya hatua moja. Mweupe naye humfukuza askofu huyo kwa h4. Nimekubali kulipa. Napendelea kete inayofukuzwa kuliko kete isiyotoka.

Mpwa wangu hakubali. Yeye ni wa Ufaransa, na anadai mimi sikumvumilia askofu yule vya kutosha: sukuma b6, mpeleke a6, ukambadilishe na askofu mzuri wa Mweupe. Ana hoja nzito, kwa kuwa askari wa Mweupe wakikwama d4 na e5, askofu huyo wa miraba myeupe ndiye bora aliye naye. Mara ya mwisho tulipokutana nilicheza na nyeupe, akanifanyia hivyo hivyo, na tukatoka sare.