Mikono Mgongoni

Asubuhi ya Jumapili tarehe 3 Februari 2008, ardhi ya Bukavu ilipotetemeka, majirani zetu wa Ibanda walikimbilia nje. Sisi tulimtoa Tate, mama mzaa mama, pamoja na godoro lake, watu wanne, kila mmoja pembe yake. Alikuwa kitandani mwaka mzima, upande wa kulia umepooza. Tulimpenda kwa namna tuliyoijua: tulimlisha, tulimwosha, tulimkataza kuinuka asije akaanguka. "Pumzika, Tate." Alipumzika mpaka kiwiko kikajikunja kisikunjuke tena, mpaka visigino vikafanya vidonda. Alitutoka mwaka uleule, na hakuna kati yetu aliyeshuku kwamba kule kupumzika kulichangia.

Miaka kumi baadaye kiharusi kilimpata pia binti yake, mama yangu, safari hii upande wa kushoto. Siku ya tatu hospitalini aliingia mwanamke mwenye koti jeupe, akasema yeye ni wa kinezi, yaani tiba ya viungo. Nilijua kinezi kuwa kazi ya kukanda wachezaji mpira. Huyu hakukanda chochote. Alimkalisha mama ukingoni mwa kitanda, nyayo zote mbili zikigusa sakafu, kisha akamwachilia. Mama akayumba. Nikaruka kumdaka.

"Umuache, yaya," akasema, mikono yake ikiwa karibu bila kumgusa. "Mwili wake iko inatafuta katikati."

Ndipo alipotueleza kwamba ugonjwa haukuwa mguuni. Sehemu ya ubongo ilikuwa imekufa, nayo hairudi, ila sehemu jirani zinaweza kufundishwa kazi yake, na hazifundishiki ila kwa kurudiarudia. Inuka kitini, kaa, inuka, mara kumi, vuta pumzi, mara kumi tena. Miezi ya kwanza ndiyo ubongo unapojifunza kwa kasi zaidi. Niliposikia hilo nilimkumbuka Tate, na miezi yake ya kwanza chini ya blanketi. Akatuonya pia tusimvute mama kwa mkono uliopooza, maana bega lililolegea hutoka mahali pake kwa urahisi. Tate tulimvuta mkono huohuo kila asubuhi ili tumbadilishie shuka.

Kila kikao kililipiwa, kwa hiyo mazoezi mengi tuliyafanyia nyumbani. Wajukuu walihesabu kwa sauti, na mama alipokoma kwenye saba walikataa kuendelea na mchezo mpaka amalize. Sijawahi kuona dawa iliyochosha namna ile. Siku nyingine alilia, akasema tumekuwa wakatili. Niliumia, lakini sikumwinua.

Mguu wake wa kushoto ulikuwa bado ukiburuza vidole. Tulienda Heri Kwetu, kituo cha watu wenye ulemavu hapa Bukavu, kutafuta kifaa cha kuushikilia, na pale nikaona kinezi kwa upana wake: watu waliokatwa miguu kwa sababu ya vita wakijifunza kutembea na miguu ya bandia, kazi ambayo Msalaba Mwekundu wa kimataifa umeiunga mkono. Kijana mmoja alikuwa akifundishwa kuanguka, kisha kuinuka mwenyewe. Mama alimtazama muda mrefu. Tangu siku ile hakusema tena kwamba sisi ni wakatili.

Lakini mtihani wenyewe ni mji wetu. Chumba cha mazoezi kina sakafu sawa. Ibanda ni vilima, ngazi za udongo, na pikipiki zinazoshuka kwa kasi. Fimbo tulikuwa tumempa mkono wa kushoto, upande wa mguu mgonjwa, kwa kuwa ndio ulioonekana kuhitaji msaada. Yule wa kinezi akaihamishia kulia, na hatua ikanyooka siku hiyohiyo. Kisha akatufundisha kanuni ya mlima, nayo mama akaigeuza kuwa wimbo wake: muzima apande mbele, mugonjwa ashuke mbele.

Mkono haukurudi wote. Anautumia kukandamiza sinia mapajani huku ule wa kulia ukichambua maharagwe, na hapendi kusaidiwa kuchambua.

Jumapili tunashuka kwenda kanisani. Fimbo inatangulia pamoja na mguu wa kushoto, wa kulia unafuata. Anasimama kila baada ya ngazi chache, anapumua, anaamkia watu kana kwamba alisimama kwa ajili yao. Mimi niko nyuma yake hatua moja, mikono nimeifunga mgongoni.