Kibuyu cha Bibi

Dada yangu alipoolewa Isevya, Tabora, mimi nilikuwa mwaka wa pili chuo, na nikapewa kazi ya wanzuki. Bibi alikuwa mgonjwa, mikono ikimtetemeka. Akanikabidhi kibuyu chenye mashapo ya wanzuki uliopita. Hiyo ndiyo chachu yake, aliyoitunza tangu mama yangu hajazaliwa.

Nikamimina ndoo mbili za asali ya Sikonge kwenye pipa la lita 200, nikajaza maji, nikatia kikombe kimoja cha mashapo, nikafunika. Siku ya tatu, kimya, hakuna povu. Siku ya sita pipa likanuka siki. Asali yenyewe ya mkopo!

Bibi hakufoka. Alicheka tu. "Mume wangu, umetuma mtoto mmoja akalime shamba la kijiji kizima?"

Akanieleza kwamba chachu ni kitu hai, inakula utamu na kuzaana. Ikiwa chache kwenye maji mengi, vijidudu vingine vinaiwahi na kuharibu kila kitu. Basi tukaanza upya na mashapo yaliyobaki: kikombe cha maji ya uvuguvugu na kijiko cha asali. Povu lilipopanda, tukahamishia kwenye lita 2, kisha ndoo ya lita 20, ndipo pipa. Kila hatua nilitaka kuiruka, maana harusi ilikuwa imekaribia. Bibi alikataa.

Miaka baadaye, nikiandika makala kuhusu viwanda vya bia, nilisoma habari za Emil Christian Hansen wa Carlsberg, Copenhagen. Mwaka 1883 alitenga seli moja ya chachu ya laga, akaikuza hatua kwa hatua hadi ikatosha kiwanda. Laga huchachuka kwenye baridi, polepole, kwa hiyo huhitaji chachu nyingi kuliko bia nyingine. Nikamkumbuka Bibi, ambaye hakuwahi kuingia darasani.

Wanzuki wa harusi ulitosha, hadi majirani wakabeba madumu. Bibi alifariki masika yaliyofuata, na kibuyu nikapewa mimi. Nilikiweka juu ya kabati Dar es Salaam, nikisema nitakilisha nikipata nafasi. Kazi, safari, foleni, mashapo yakakauka.

Juzi nimetia kikombe cha maji ya uvuguvugu na kijiko cha asali. Leo siku ya tatu. Nimeinama hapa naangalia kama kuna povu.